Simu ya Yaya Ilikuwa Bado Inasoma

Sekretaria yetu, duka la kuchapa na kutengeneza simu, iko mjini Baraka, kwenye njia inayoshuka kuelekea sokoni. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, na betri za sola chini ya meza. Yaya yangu ndiye aliyeifungua. Kwetu tunamwita yaya yeyote aliyetutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Huyu alikuwa kaka yangu, na mama alituzaa sisi wawili tu. Yeye alikuwa akitengeneza mashine na simu, mimi nikichapa barua za watu na maombi yao ya kazi. Alipokufa, kazi zote mbili zikawa zangu.

Alikufa barabarani, akitoka Fizi alikokuwa amekwenda kufunga printa ya shule. Alikuwa amepanda nyuma ya pikipiki, na lori lililokuwa likishuka mlima likakosa breki. Waliomleta walileta na mfuko wake wa bisibisi. Simu haikuwemo, na siku zile hakuna aliyeiulizia.

Sikulia. Watu walijaa uani, wakalala kwenye mikeka, wakaimba, mama akalia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikapita katikati yao nikigawa chai. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi kabla ya kung'olewa jino: anajua shavu liko mahali pake, lakini akiligusa ni kama la mtu mwingine. Wanawake wa kanisani walisema kilio changu kitanijia baadaye, jikoni au njiani. Nikangoja. Hakikuja. Matanga yalipokwisha nilifungua mlango wa sekretaria kwa sababu wanafunzi walikuwa wakingoja kazi zao zichapwe.

Kazi iliyokuwa nyingi wakati ule haikuwa ya kuchapa. Ilikuwa ya simu. Mtu anaingia, anatazama nyuma yake kwanza, kisha anaiweka simu mezani kifudifudi na kusema kwa sauti ya chini kwamba ina virusi, au ina mashetani. Nikiigeuza nakuta kioo kimejaa matangazo. Moja linasema simu yako iko hatarini, lingine linasema umeshinda zawadi, na chini yake kuna wanawake ambao hawajavaa kitu. Ukifunga moja, linatokea jingine.

Kwa kawaida tatizo haliko ndani ya simu yenyewe, liko kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Mtu anakuwa anatafuta matokeo ya mpira au wimbo, ukurasa fulani unamwambia abonyeze hapa ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo kitufe kinasema *Autoriser*, naye anakibonyeza ili apite. Hajui kwamba ameutolea ukurasa ule ruhusa ya kumtumia ujumbe wakati wowote, hata akiwa amelala. Yaya alinifundisha dawa yake. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta arifa, unaona majina ya kurasa zote zenye ruhusa, unaziondolea moja moja. Unazuia madirisha yanayoruka, yale yanayojifungua yenyewe. Halafu unamuuliza mwenyewe aliweka programu gani karibuni, na mara nyingi utaambiwa ni ya tochi, au ya kusafisha simu, na hiyo nayo unaitoa. Njia ya mkato ni kufuta kila kitu, lakini yaya hakuipenda. "Usimrudishie muntu simu tupu," alikuwa akiniambia. "Muntu anaishi mule ndani."

Kazi hiyo nilikuwa naiweza hata nikiwa vile nilivyokuwa. Vidole vinajua pa kwenda. Mtu anashukuru, anaiweka simu mfukoni, anatoka.

Asubuhi moja nilikuwa natafuta ukurasa wa fomu ya chuo niliokuwa nimeufungua jana yake. Nikafungua historia ya kivinjari, mahali ambapo kompyuta inaweka kumbukumbu ya kila ukurasa uliotembelewa. Nikakuta kurasa ambazo sikuzijua. Kulikuwa na picha ya ng'ombe aliyevimba kwato. Kulikuwa na nyimbo za kanisa kwa Kinyarwanda. Kulikuwa na hali ya hewa ya milimani na bei za ndama. Nikadhani ni mteja aliyekaa hapo nilipotoka kununua karatasi, lakini sikukumbuka mteja yeyote aliyegusa mashine ile.

Nikadhani basi hata sisi tumepata virusi. Nikaifanyia mashine yangu yote ninayowafanyia wengine, nikakagua programu, nikaondoa ruhusa, nikafuta takataka. Sikukuta kitu. Kesho yake kulikuwa na kurasa nyingine: wimbo mwingine, kitabu cha Isaya, ng'ombe yule yule mwenye kwato.

Ndipo nikaona upande wa kushoto pameandikwa maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyajali: vifaa vingine. Nikabonyeza. Kompyuta ile ilikuwa kwenye akaunti ya yaya tangu siku aliyoiwasha mara ya kwanza, na mimi sikuwa nimeibadilisha. Chini ya akaunti kulikuwa na kifaa cha pili. Jina lake aliliweka yaya mwenyewe: Simu ya Fundi. Chini ya jina iliandikwa kwamba imetumika leo.

Niliyatazama maneno yale. Mteja akaingia na kadi yake ya mpiga kura, akataka fotokopi mbili, nikamfanyia. Niliporudi kukaa, bado iliandikwa leo.

Niliielewa habari yote mara moja, jinsi ninavyoelewa habari za simu za watu. Yaya hakuweka namba ya siri kwenye simu yake. Alikuwa akisema mikono yake ina wino siku nzima, hawezi kuandika namba kila dakika. Aliyeiokota barabarani, au kuiiba, aliweka laini yake au akamuuzia mwingine, na hakuna aliyejua kwamba akaunti imebaki ndani. Kila ukurasa uliosomwa kwenye simu ile ulikuwa ukishuka kwenye mashine yetu. Na nilijua la kufanya, kwa sababu ndilo ninalowaambia wateja kila siku: mtu akipoteza simu, aitoe kwenye akaunti akiwa mbali. Kitufe kiko hapo hapo. Nilipeleka mshale juu yake. Kisha nikauondoa. Nimejaribu baadaye kujieleza kwa nini, na sina maelezo makubwa. Nilifikiri tu kwamba nikikibonyeza, lile neno leo litaondoka.

Hivyo kila asubuhi nilifagia, nikafungua dirisha, nikawasha mashine, nikasoma. Niliacha hata kujiuliza kama ni haki yangu. Nikaanza kumjua mtu yule jinsi unavyomjua jirani wa nyuma ya ukuta. Alikuwa akiamka mapema na kutazama kwanza kama mvua itanyesha. Baada ya mvua alisoma Biblia, kisha akaenda kwenye ng'ombe. Jumapili alifungua nyimbo nyingi zikifuatana. Nilikisia kwamba ni mwanamume, mtu mzima, mfugaji, mtu wa kanisa, na yuko juu milimani. Sikumwonea hasira. Sikumwonea kitu chochote. Nyumbani mama alipouliza, "Kazi iko je?" nilijibu, "Iko," tukala.

Halafu maswali yake yakabadilika. La kwanza aliandika: *picha mubaya zinakuya zenyewe kwa simu*. Siku iliyofuata: *namna ya kutosha wanawake kwa simu*, yaani kuwaondoa. Akaingia kwenye kurasa zinazoahidi kusafisha simu, na mimi nilizijua kurasa zile, ndizo zinazoongeza uchafu. Nilimwona akishuka njia ambayo nimewaona wengi wakishuka, bonyeza hapa, ruhusu, pakua, na kila alipotafuta msaada matangazo yalizidi. Mwishowe akaandika swali refu, bila alama yoyote, kama mtu anayemwandikia mwenzake: *mimi ni shemasi simu inaleta wanawake uchi mbele ya bantu nifanye nini*.

Baada ya hapo nyimbo zikakoma. Na Isaya akakoma. Jumapili ikapita na historia ikawa na mvua tu. Nikaelewa kwamba haifungui tena simu mahali penye watu. Nilikaa na mikono juu ya meza, nikasikia kitu kidogo, si huzuni, kama mkono ulioulalia unapoanza kuchomachoma.

Nilimwandikia barua pepe. Niliituma kwenye anwani ya yaya mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndani ya simu. Nilifanya kama ninavyofanya kazini. Juu niliandika kwamba simu yako ina tatizo, chini nikampangia hatua za kufuata, fungua hapa, bonyeza hapa. Kesho yake nilikuta ametafuta mambo mawili. *Virusi inaweza kuandika kiswahili*. Na la pili: *virusi inajuaje niko na shida*.

Pumzi ilinitoka puani, na nikashangaa, maana ilikuwa karibu na kucheka. Nikaisoma barua yangu upya. Ilifanana kabisa na yale matangazo. Mtu aliyeumizwa na ujumbe unaosema simu yako ina tatizo, mimi nilimtumia ujumbe unaosema simu yako ina tatizo.

Ya pili niliiandika polepole, kwa Kiswahili cha kwetu, bila kumwambia abonyeze kitu chochote.

"Jambo papa. Mimi si matangazo, niko muntu, niko mwanamke wa Baraka. Hiyo simu ilikuwa ya yaya yangu. Alikufa kwa accident. Sitafute kukushitaki. Jina yake ilibakia mule ndani, ndiyo maana kurasa zenye unafungua zinafika kwa ordinatere yetu, nami naziona. Ilifaa ujue, na nilichelewa kukuambia. Hizo picha si weye unaziita. Naziona kila siku kwa simu za bantu, bazee, bamama, wote. Ukishuka Baraka siku ya soko, nitakutengenezea. Sitaomba kitu."

Nikaweka namba yangu, nikatuma.

Hakuna kilichorudi. Siku hiyo kulikuwa na mvua yake ya asubuhi, kisha hakuna tena kitu. Neno leo likawa jana, na jana ikawa tarehe. Nilidhani ameitupa simu mtoni, au ameivunja kwa jiwe, na ningekuwa yeye huenda ningefanya hivyo: kuambiwa kwamba umebeba simu ya maiti, na kwamba dada yake anakutazama. Niliendelea kuchapa. Mtu mmoja aliniletea barua ya posa, nikamrekebishia makosa.

Wiki ilikuwa inakwisha simu yangu ilipoita mara moja ikakatika. Namba sikuijua. Nikapiga.

"Bwana asifiwe," ilisema sauti ya mwanamume, kwa lafudhi ya milimani.

"Amina. Ni nani, papa?"

"Ni weye uliniandikia?"

"Ni mimi."

"Weye ni muntu kweli?"

"Niko muntu. Si unasikia?"

"Nasikia. Nilikuwa nasema kama ni mashine itaandika, haitaongea." Akavuta pumzi. "Hii simu sikuiba. Nililipa. Kuna kijana alikuwa anauza ku soko ya Fizi, akaniambia ni yake."

"Naamini, papa."

"Mutanipeleka polisi?"

"Hapana."

"Basi nitashuka," alisema. "Siku ya soko, kama mvua haitafunga njia ya huku juu Bibokoboko."

Jioni ile nilimwambia mama. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza kwamba simu ya yaya imeonekana, iko Bibokoboko kwa mchungaji mmoja wa ng'ombe, shemasi, naye anakuja. Mama hakuinua uso. Aliendelea kutoa mawe, moja moja, kisha akauliza, "Picha zake ziko?"

"Sijue, mama."

"Uliza hilo kwanza."

Siku ya soko alifika kabla jua halijawa kali. Nilimjua kabla hajasema jina: mzee mrefu, kofia, koti zito lisilofaa kwa joto la huku chini, buti zenye matope yaliyokauka, fimbo. Aliiacha fimbo mlangoni. Alisalimia, akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha, akatazama kompyuta mbili kama mtu anayetazama mbwa ambao hajui kama wanauma.

"Ni hapa zinafikaga? Zile zenye nasoma?"

"Ni hapa. Kwenye hii."

"Uliona zote?"

"Niliona nyingi. Nisamehe, papa."

"Uliona na ng'ombe?"

"Nilimwona. Mwenye kwato."

"Alipona," alisema, na mabega yake yakashuka kidogo. Alitoa simu kwenye kitambaa alichokuwa ameifungia na kuiweka mbele yangu.

Ilikuwa yenyewe. Pembeni kulikuwa na ufa, na nyuma bado palikuwa na alama ya wino, kidole gumba. Niliichukua, nikaiwasha. Nilingoja kile kilio walichokisema wanawake wa kanisani kinijie. Simu ikawaka, tangazo la kwanza likaruka, nikaanza kazi.

Nilipokuwa nikifanya, alinieleza. Macho yake yamechoka, na Biblia yake ina herufi ndogo. Kwenye simu unazikuza kwa vidole viwili, kwa hiyo alizoea kusoma neno la siku kutoka mle. Jumapili moja alikuwa amesimama mbele, akasoma mstari wa kwanza, na kabla ya wa pili picha ikajaza kioo. Mama mzee wa benchi la mbele aliiona. Yeye alifunika simu kwa mkono, akamaliza mistari kwa kichwa, kwa kuwa alikuwa anaikumbuka.

"Walisema nini?" niliuliza.

"Hawakusema kitu. Ingekuwa heri waseme. Bibi yangu wa ndoa aliniuliza mara moja tu: unatafutaga nini usiku mule ndani? Nikamwambia sitafute. Akageukia ukuta."

Nilimgeuzia simu ili aone. Kwenye orodha ya arifa kulikuwa na majina ya kurasa yasiyosomeka, herufi tupu, moja chini ya nyingine.

"Hawa wote uliwapa ruhusa," nilimwambia.

"Mimi?"

"Uliulizwa kama weye si roboti, ukabonyeza hii neno ya Kifaransa."

"Ndiyo. Nilitaka wajue niko muntu."

"Kila muntu anafanya vile. Sasa bonyeza hapa, mumoja mumoja. Weye mwenyewe."

Alibonyeza kwa kidole kigumu cha kazi, akisoma kila jina kwa midomo. Kisha tukatoa programu ya tochi, aliyoiweka kwa ajili ya kwenda zizini alfajiri, na nikamwonyesha kwamba simu ina tochi yake tangu kiwandani. Tukatoa na zile mbili za kusafisha. Nikafunga madirisha yanayoruka, nikafuta vilivyoachwa na zile kurasa, nikafungua Isaya, nikamwambia angoje. Tulingoja wote wawili, tukitazama maandishi. Hakuna kilichokuja juu yake.

"Kwa hiyo si mimi nilizitafuta," alisema.

"Hapana, papa."

"Unaweza kumwambia bibi yangu?"

Alipiga mwenyewe, akaongea Kinyarwanda, kisha akanipa simu yangu, maana tulitumia yangu. Nikamweleza mke wake, kwa Kiswahili, kwamba nimeitengeneza simu, kwamba zile picha zinatumwa na watu wa mbali kwa kila mtu, na kwamba mume wake hakuzitafuta; nimeona kila alichotafuta, ni mvua, Biblia na ng'ombe. Ilikuwa mara ya kwanza kusoma kwangu kuwa na faida kwa mtu. Upande wa pili kuku walisikika.

"Umeona yote?" mama yule aliuliza.

"Karibu yote."

"Haya. Mwambie asisahau chumvi."

Nilimfikishia. Mzee alifunika mdomo kwa kiganja, na macho yake yakacheka peke yake.

Ndipo nikauliza alichonituma mama. Alisema picha ziko, hakufuta hata moja. "Si za bantu. Ni za nyaya tu, na vyuma. Nilisema hii ni kazi ya mwenyewe, siku moja atazihitaji." Kisha akaisukuma simu kwangu. "Na simu ni yenu. Mimi nitatumia Biblia ya karatasi, mutoto wa kaka atanisomea."

Niliitazama pale mezani. Nilijaribu kuitaka. Nilimjua yaya kwa mikono yake na sauti yake na jinsi alivyokuwa akipuliza vumbi ndani ya mashine, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye kile kioo.

"Baki nayo," nilisema. "Nitatoa tu jina yake na picha."

"Alikuwa muntu wa namna gani?"

Alingoja kwa heshima, kofia kwenye goti.

"Alikuwa fundi," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema mengi.

Nilinakili picha kwenye kompyuta. Kisha nikaingia mahali pa akaunti, nikabonyeza kuondoa. Simu iliuliza kama nina hakika, kwamba ujumbe na majina vitaondoka kwenye kifaa hiki. Nikamfungulia akaunti yake, kwa jina lake, na tukachagua namba ya siri. Nilimgeuzia kisogo alipoiandika, nikamwambia asimwambie mtu, hata mimi. Kwenye kompyuta yangu Simu ya Fundi ikatoweka kwenye vifaa vingine. Palibaki pameandikwa kwamba hakuna kifaa.

Kabla hajaondoka aliomba tusali pamoja. Alisali kwa Kinyarwanda, na neno moja moja nililielewa, amani, dada, njia. Sikujua amemaliza mpaka nilipoona amefungua macho ananitazama, ndipo nikasema amina. Alichukua fimbo yake, akaenda kutafuta chumvi.

Asubuhi zilizofuata niliwasha mashine na kufungua historia kwa mazoea, nikakuta za kwangu tu. Sikuumia. Nilikosa tu kujua kama mvua itanyesha kule juu milimani.

Picha sikuzifungua pale pale. Nilizihamishia kwenye simu yangu, nikazipeleka nyumbani siku mama alipomaliza kuosha vyombo vya mchana na kubandika mchele wa jioni. Alijifuta mikono, akakaa kwenye kigoda, nikakaa karibu naye. Mzee alikuwa amesema kweli. Yaya alikuwa akipiga picha kila mashine kabla ya kuifungua, ili ajue jinsi ya kuirudisha. Hakuna uso hata mmoja.

"Hii ni nini?" mama aliuliza.

"Ni waya wa printa. Ule wa shule."

"Na hii?"

"Ni ubao wa ndani wa simu. Alitaka kukumbuka skrubu zinakaa wapi."

Aliitazama sana, akaisogeza karibu na macho. "Na hii?"

"Ni betri."

"Ya nani?"

"Sijue, mama. Ya mteja."

Hakuniacha niruke hata moja. Kila picha aliuliza, na kila moja nilimweleza, hiki ni kizibo cha wino, hii ni feni, hapa panaingia umeme. Katika moja, chini kabisa ya waya wa kurefushia, lilionekana nusu ya kiatu chake, cha kushoto, kamba imefungwa fundo mara mbili kama alivyokuwa akifunga. Mama aliweka kidole juu yake, na kioo, kwa kuwa kiliguswa, kikakikuza kiatu mpaka kikajaza simu yote. Hakuuliza hiki ni nini. Mchele ulianza kunuka kuungua, na hakuna aliyesimama. Baadaye aliondoa kidole, akasema, "Endelea," nami nikamwonyesha inayofuata, ambayo ilikuwa ya soketi ya ukutani, nikamwambia ni soketi.